Tawi Bichi Njia Panda

Nimeanza kuandika habari hii mara mbili, na mara mbili nimechana kurasa. Mara ya kwanza ilikuwa matusi matupu. Mara ya pili nilijikuta naandika kama mtu anayeomba msamaha, nikajiuliza, naomba msamaha wa nini? Daftari linakonda. Safari hii nitaandika ilivyokuwa, na pale ambapo mimi mwenyewe sikufanya vizuri nitaandika pia, ila asije mtu akasema nimepoa. Sijapoa.

Nilishika nafasi ya pili kwenye mashindano ya baiskeli ya wanawake, zile baiskeli za kawaida zisizo na gia. Watatu wa kwanza walikuwa wanakwenda Shinyanga mjini kutuwakilisha sisi wa huku Msalala. Safari hiyo niliitaka kuliko kitu chochote tangu niolewe. Nikaondolewa. Sababu iliyotangazwa kwenye kipaza sauti, mbele ya soko zima la Segese, ni kwamba nilipita njia ya mkato.

Njia ya mkato yenyewe ni mlima.

Nyumba yetu imejibanza ubavuni mwa huo mlima. Tunauita Lugulu, na lugulu kwa Kisukuma ni mlima tu, hakuna aliyehangaika kuutafutia jina lingine. Miaka yote nimeuvuka na nyanya kwenye keria, makreti mawili yamefungwa kwa mpira, kwenda kuwauzia wachimbaji na wake zao. Sina elimu kubwa, niliishia la saba, lakini ule mlima naujua kwa miguu. Mwanzo wake unadanganya. Unapanda polepole katikati ya mashamba ya pamba, unadhani ndiyo huo umekwisha. Halafu unakuja mchanga. Kwenye mchanga usikate usukani, kanyaga tu ukitazama mbali. Baada ya mchanga kuna bamba la mwamba, pana kama uwanja wa kuanikia mpunga, na hapo lazima uinuke kwenye siti uning'inie kwenye usukani, maana ukikaa gurudumu la mbele linanyanyuka. Nikiwa na mzigo nashuka hapo nasukuma. Na siwezi kusema kwamba bila mzigo sijawahi kushuka. Nimeshuka mara nyingi. Kuteremka upande wa pili ndiko kubaya zaidi: maji ya mvua yamechimba njia katikati, unachagua ukingo mmoja, na ukishachagua huwezi kubadilisha mawazo. Vipira vya breki vinanuka hadi chini.

Kuna njia nyingine, ya bondeni. Inauzunguka mlima, inapita kando ya majaruba ya mpunga na lambo, tambarare, moramu nzuri, magari yanapita. Njia hizi mbili zinaachana kwenye njia panda upande wa Segese na kukutana tena shuleni, nyuma ya mlima. Kutoka shuleni barabara ni moja, inarudi Segese.

Mwenyekiti wa kamati ya mashindano ni mfanyabiashara wa magodoro hapo Segese. Sitamchafua kwa yasiyo yake. Maji ya kunywa ya washindani alinunua yeye, na ndiye aliyebishana na wenzake hadi wanawake tukapewa mashindano yetu wenyewe badala ya kukimbia nyuma ya wanaume kama mkia. Ana baiskeli ya gia sijui ngapi, nyembamba kama panzi, na kwenye televisheni ya dukani kwake huwa anatazama mashindano ya huko Ufaransa. Siku ya kutueleza njia alikuja na karatasi.

"Wenzetu Ufaransa," alisema, "hawakimbii kienyeji. Njia inachorwa. Vijiji, madaraja, kila kitu. Na milima inachorwa pembeni, oneni, kama meno ya msumeno, ili mtu ajue mapema wapi atalia."

Tulicheka. Akatuzungushia simu tuone. Kweli ilikuwa na meno. Kulikuwa na picha pia, vilima vya kijani kila upande na barabara nyeusi imejikunja juu yake kama kamba iliyotupwa, na watu wamesimama kwenye kila kona wanapunga mikono. Halafu akatuonyesha karatasi yetu. Yetu ilikuwa na mstari tu. Mstari unatoka Segese, unafika njia panda, unakwenda shuleni, unarudi kwa barabara kubwa. Meno hakuna. Pale penye mlima mstari ulipita katikati, usijue ni juu au ni bondeni. Nilitaka kuuliza. Niliogopa watasema huyu mama wa nyanya anajifanya mjuaji. Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu la kwanza, naliandika.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya jua kali. Nilipofika njia panda nilikuwa wa pili, peke yangu. Mbele kulikuwa na dada mmoja wa Kagongwa, mrefu wa miguu, na mbele yake gari la kuongoza. Walishapita, nikaona vumbi tu, na vumbi lilikuwa limetanda kote. Na njia ya bondeni ilikuwa na tawi la mwarobaini, bichi, limelala katikati.

Sasa mtu wa mjini itabidi nimweleze. Kwetu tawi bichi likilazwa njiani maana yake ni moja: njia hii imefungwa, usifuate huku. Tumekua nayo. Mkienda kuchunga, aliyetangulia akifika njia panda anavunja tawi anaifunga njia ambayo hakuipita, ili wa nyuma wajue. Mkienda msibani kijiji msichokijua, hivyo hivyo. Mtoto wa kwetu hawezi kuruka tawi, ni kama kumwambia aingie nyumba ya watu bila hodi. Mimi sikufikiri. Miguu ndiyo ilifikiri. Nikakata kona nikaanza kupanda.

Hapana, ngoja niandike vizuri. Nilifikiri kidogo. Niliona alama za matairi ya gari juu ya majani ya lile tawi. Niliziona. Nikajiambia, gari lina mambo yake, gari haliwezi kupanda mwamba, limezunguka likatusubiri shuleni. Ni hoja nzuri, hadi leo naiona nzuri, lakini niliitengeneza nikiwa nimeshafika kwenye pamba. Na kuna jingine. Nilifurahi. Nilipoona bondeni pamefungwa moyo uliruka, kwa sababu mlima ni wangu, na nikasema leo nitawaonyesha. Kama tawi lingefunga njia ya juu, sijui ningelitazama kwa makini zaidi? Labda. Hilo linaninyima usingizi kuliko kipaza sauti.

Siku hiyo mwamba niliumaliza bila kushuka. Hakuna aliyeniona isipokuwa mbuzi.

Nikatokea shuleni bado wa pili, nyuma ya yule wa Kagongwa, nikakanyaga hadi Segese nikaingia sokoni watu wanapiga vigelegele. Vigelegele vyangu. Nikafika kwenye meza ya kamati, pumzi hazirudi.

"Mama, utepe wako?" aliuliza mtu wa mezani.

"Utepe gani?"

"Wa bluu. Pale lamboni wanamfungia kila anayepita."

"Sikupita lamboni. Si mmefunga njia?"

"Nani kafunga njia?"

"Nyie! Mmeweka tawi!"

Mtangazaji aliyeshika kipaza alikuwa amesimama karibu, akasikia nusu, na nusu ndiyo aliyoitaka. "Jamaniii! Huyu mama kapita njia ya panya! Mchimbieni shimo, mtegeeni karanga!"

Soko lilicheka. Vijana wa bodaboda wakaanza kupiga honi. "Panya! Panya huyo!" Mmoja wao hununua nyanya kwangu kila Jumatano na huwa namwongezea moja. Kukosa safari ya Shinyanga kuliniuma. Lakini kuitwa mwizi wa njia, mbele ya wateja wangu, kwenye mlima niliopanda nimesimama kwenye pedeli huku wao wamekaa kivulini wanakula miwa! Kila aliyeshiriki alipewa ndoo ya plastiki. Yangu niliiacha mezani.

"Ndoo ungeichukua," mume wangu aliniambia nyumbani.

"Ndoo ya panya?"

"Ndoo ni ndoo, mama watoto."

Wenzangu wawili wa kijijini waliokuwa nyuma nao walikata kona kwenye lile tawi wakapanda mlima. Waliondolewa pia, ila walikuwa wa mwisho, hakuna aliyewajali. Wengine wote walipita bondeni kwa sababu pikipiki ya kamati ilirudi kuwaongoza. Na yule dada wa Kagongwa, mshindi, alinifuata nikiwa nanawa uso kwenye bomba.

"Dada, hata mimi nililiona lile tawi. Nilitaka kukata. Ni vile gari lilikuwa karibu, nikalifuata."

"Si uwaambie!"

"Nimewaambia. Wamesema nisiharibu ushindi wangu."

Aliyeweka tawi nilimpata siku hiyo hiyo. Mtu mzima, mkazi wa Ngokolo, Shinyanga mjini, kazi yake ni maturubai na mapambo ya sherehe. Nilimwendea sokoni alipokuwa anafungua maturubai ya kamati, nimekunja ngumi. Hakunikimbia.

"Dada yangu," alisema, "mimi naweka majani pale mgeni anapotakiwa kupita. Harusini, kipaimara, mgeni rasmi akija. Unafuata majani, unafika. Niliweka mawili, huku moja na huku moja, kama mlango."

"Mimi nimekuta moja, katikati."

"Basi gari limeliburuta."

Labda. Sikuwepo. Na harusi za mjini nimehudhuria, kweli wanaweka hivyo. Nililegeza ngumi, na kulegeza kwenyewe kukaniudhi. Ni rahisi kumchukia mtu mbaya.

Nikafanya kazi ya kijinga. Siku tatu, asubuhi, baiskeli tupu, nilitoka njia panda hadi shuleni kwa mlima, nikarudi, nikatoka tena njia panda hadi shuleni kwa bondeni, saa ya simu inahesabu. Nilitaka kujua kama kweli niliiba kitu. Siku ya kwanza mlima ulinichukua dakika nne zaidi ya bondeni. Siku ya pili, tatu zaidi. Siku ya tatu upepo ulikuwa mgongoni, nikateremka vizuri, na mlima ukawa mfupi kwa nusu dakika. Nikaandika zote.

Mume wangu alisoma daftari akiwa amesimama mlangoni. "Hii ya tatu ya nini?"

"Upepo."

"Basi iache."

"Ilitokea."

"Hawatasoma nyingine hata moja. Unakwenda kuwakabidhi fimbo wakuchape nayo."

Nilijua anasema kweli. Nilikaa na kalamu juu ya ule mstari wa tatu hadi chai ikapoa, na sikuufuta, na nilijichukia kwa kutoufuta.

Dukani, mwenyekiti aliweka kidole juu ya ukurasa akakiteremsha. Kilipita ya kwanza. Kilipita ya pili. Kikasimama.

"Si unaona? Umeandika kwa mkono wako mwenyewe."

"Na hizo mbili za juu kaandika nani?"

"Mama, mkato ni mkato hata ukiwa mara moja. Na utepe hukuwa nao. Sheria ni utepe."

Hapo kwenye utepe ana haki. Sheria ilikuwa utepe. Lakini kile kidole! Hasira zilinipanda hadi masikioni, nikaongea kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mtu mzima.

"Ufaransa si wanachora milima? Ulituonyesha mwenyewe, meno ya msumeno. Kwenye karatasi yako mlima wangu uko wapi? Umeuona wapi? Umeupanda lini?"

Kulikuwa na mteja amelala juu ya godoro analijaribu. Alikaa kitako asikie vizuri. "Mwenyekiti," alisema, "hapo umebanwa."

"Nipande na nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Si unayo hiyo panzi yako," nilimwambia.

Alikuja Alhamisi, na hilo nalo naliandika kwa faida yake, maana angeweza kutokuja. Alivaa nguo za kubana, kofia ngumu, viatu vyenye chuma chini. Kwenye pamba alikuwa mbele yangu, anapiga mluzi. Kwenye mchanga yale matairi membamba yalizama kama kisu kwenye ugali, akashuka. Kwenye mwamba alijaribu kusukuma, viatu vya chuma vikateleza, akapiga magoti. Nilimsubiri juu. Sikucheka. Nilitamani kucheka, ila alikuwa amechubuka.

"Mama," alisema alipofika, jasho linadondoka kwenye simu yake, "hapa ulipita bila kushuka?"

"Siku ile, ndiyo."

"Na siku nyingine?"

"Nyingine nashuka."

Alitazama chini. Lambo liling'aa, paa la shule nalo, na majaruba yote yamepangana hadi mbali. Akapiga picha. "Kama Ufaransa," alisema.

"Sijafika. Huko nako wanaanika muhogo juu ya mwamba?"

Aliinua mguu. Alikuwa ameukanyaga huo muhogo.

Kuteremka alikataa kupanda baiskeli. Alisema breki zake ni za lami. "Wewe tangulia, nakuja kwa miguu."

"Chini kuna njia panda nyingine," nilimwambia. "Moja inakwenda shuleni, moja visimani kwa ng'ombe. Nitakuwekea alama."

"Haya, mama. Wabeja, asante."

Nilimwambia nitakuwekea alama. Sikumwambia alama gani.

Pale chini nilivunja tawi la mwarobaini nikalilaza kwenye njia ya visimani, katikati kabisa, kama nilivyofundishwa na kaka zangu. Nikaifunga. Nikapanda baiskeli nikaondoka. Ile njia ya visimani ni miiba mitupu, na yale matairi yasingefika mbali. Nilijua atakachofanya akilikuta. Angefuata majani. Angesukuma panzi yake yenye pancha kati ya ng'ombe hadi jioni, na wachungaji wangemwuliza, wee ngosha, mwanamume mzima, umepotea? Na mimi ningeweza kula kiapo mahali popote kwamba njia niliifunga kihalali, kwa desturi, kwa tawi bichi.

Nilifika hadi kwenye uzio wa shule. Nilikuwa nacheka peke yangu, cheko baya. Halafu likakatika. Yule wa Ngokolo alipoweka majani yake hakujua sisi tunayasomaje. Mimi najua mwenyekiti anayasomaje. Nilimtukana karibu wiki nzima, leo nimefanya kilekile, na mimi sina hata udhuru wa kutojua. Nikageuza baiskeli. Nikarudi kwa hasira, nakanyaga pedeli kama nazipiga teke.

Nilisimama njia panda, juani. Alikuja anachechemea. Akaona tawi, akaelekea huko huko, moja kwa moja, mimi nimesimama pale pale.

"Ni huku, eeh?"

"Siyo huko. Huku."

Alisimama. Akalitazama tawi, akanitazama mimi.

"Ningepita hapa," alisema.

"Najua."

"Ningekwenda hadi wapi?"

"Hadi kwenye miiba."

Alivua kofia. "Mwaka ujao tutasimamisha mtu kila njia panda. Mtu kabisa."

"Na mwaka huu?"

"Majina yameshakwenda Shinyanga, mama. Wa nne amechukua nafasi, ameshashonewa sare."

"Simtoi yule. Hajanikosea kitu. Nataka useme kwenye kile kipaza kwamba sikuiba njia. Soko lile lile, siku ya gulio."

Alifuta shingo kwa kofia. "Nitaangalia," alisema.

Nililivuta tawi nikalitupa porini, tukaenda shuleni.

Magulio mawili yamepita tangu siku hiyo. Kipaza kipo dukani kwake, nakisikia nikiwa kwenye meza yangu ya nyanya, kinatangaza kuanzia asubuhi: magodoro, magodoro, njoo ulale. Yule wa bodaboda bado ananiita panya. Siku hizi simwongezei nyanya.

Jumamosi nitakwenda kukiomba mwenyewe. Akikataa nitasimama hapo hapo mbele ya duka niseme kwa koo langu, lina nguvu ya kutosha, limetangaza nyanya miaka yote hii. Nitasema kuhusu tawi na jinsi tunavyolisoma. Nitasema karatasi haikuwa na mlima. Nitasoma siku zote tatu, na ile ya upepo. Na nitasema kwamba alama za matairi niliziona.

Mume wangu anasema hiyo ya mwisho niiache.